Bastola ndogo ya kubeba ndani ya nguo: mwongozo wa mnunuzi wa kwanza

Swali la bastola ipi inunuliwe kwanza huja na masharti yaleyale matatu: iwe ndogo, isionekane ndani ya nguo, isiwe ghali. Anayeuliza akishajibiwa, hufuata maswali mengine mawili: ni risasi za ukubwa gani, na ni rivolva (yenye silinda ya risasi inayozunguka) au bastola ya magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini)? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye sheria ya nchi yake inamruhusu kumiliki na kubeba silaha, na ambaye hajawahi kununua hata moja.

Jambo moja lielewe tangu mwanzo, kwa sababu ni wauzaji wachache tu watakaokwambia. Bastola ikiwa ndogo sana, inakuwa ngumu sana kuitumia. Wengi hudhani kinyume chake. Humwekea mama au mzee mkononi kibastola chepesi wakiamini wamemrahisishia kazi. Silaha nyepesi hupiga teke kali zaidi, yaani huusukuma mkono nyuma kwa nguvu inapofyatuliwa. Mpini wake mfupi hushikwa na vidole viwili tu, na alama zake za kulengea zimekaribiana mno hata kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Kwa hiyo, tafuta bastola kubwa kuliko zote unazoweza kuficha kwa nguo unazovaa kila siku. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Uwe na haya kabla ya kuanza

- Kibali cha kumiliki, na kibali cha kubeba ikiwa nchi yako inavitenganisha.
- Mafunzo ya msingi kwa mkufunzi anayetambuliwa. Yapate kabla ya kununua, maana ndiyo yatakayokufundisha unachokitaka.
- Kasha la chuma lenye kufuli, lililofungiwa ukutani au sakafuni.
- Viziba masikio na miwani ya kinga. Mlio wa bastola huzidi desibeli 140, na mtutu mfupi huwa na kishindo kikubwa zaidi. Mlio mmoja tu unatosha kudhuru usikivu kwa maisha yote.
- Bajeti ya vyote kwa pamoja: silaha, ala (mfuko mgumu wa kuivalia bastola), mkanda, kasha, mafunzo, na risasi za mazoezi angalau mia kadhaa. Ukitumia fedha zote kwenye bastola, utabaki na kitu usichojua kukitumia.
- Nyumba tulivu. Nalisema hili bila kuzunguka: kama nyumbani kuna mtu anayepitia msongo mzito, sonona, ulevi au ugomvi usioisha, na hata kama mtu huyo ni wewe, usilete bastola humo sasa. Subiri.

Kuna kanuni nne zisizo na likizo. Ihesabu kila silaha kuwa ina risasi. Usielekeze mdomo wa mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga na umeshaamua. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Ajali karibu zote hutokea pale angalau mbili kati ya hizi zinapovunjwa kwa pamoja.

Hatua ya 1: Soma sheria kabla ya kuangalia bastola yoyote

Nchi hazifanani hata kidogo. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997. Meksiko humzuia raia kumiliki bastola ya 9×19 (risasi ya kipenyo cha milimita 9 na ganda la milimita 19) kwa kuwa inahesabiwa kuwa risasi ya kijeshi, lakini .380, ambayo ni fupi zaidi, inaruhusiwa. Kwingine kuna kikomo cha idadi ya risasi kwenye magazini, au urefu wa chini wa mtutu, na kwingine risasi zenye tundu kichwani haziruhusiwi kwa raia.

Uliza kwa ofisi inayotoa vibali, na upate majibu kwa maandishi ukiweza: silaha ipi inaruhusiwa, ni wapi hairuhusiwi kuingizwa, isafirishwe vipi kwenye gari, ufanye nini askari akikusimamisha, na ni lini sheria inakutambua kuwa ulijitetea. Kununua kwanza na kuuliza baadaye ni kosa linaloweza kukupeleka jela.

Angalizo: Usiguse kamwe bastola ya mchezo au ya gesi iliyogeuzwa ili ipige risasi halisi, wala iliyofutwa namba. Ya kwanza inaweza kukupasukia mkononi. Ya pili huenda ina damu ya mtu usiyemjua.

Hatua ya 2: Angalia mavazi yako

Simama mbele ya kioo ukiwa umevaa unavyovaa siku ya kawaida. Je, shati linaingia ndani ya suruali? Unavaa mkanda? Gauni? Kazi yako ni ya kukaa au ya kuinama?

Watu huhofia urefu wa mtutu, ilhali mtutu unazama chini ya mkanda na hauonekani. Kinachosaliti ni mpini, ambao hutokeza na kusukuma nguo, halafu unene wa silaha yenyewe. Kwa hiyo ukilinganisha mbili, linganisha kwanza urefu wa mpini na unene. Mtutu wa sentimita nane au tisa hautakusumbua kiunoni. Mfukoni ni habari nyingine, kwani huko kila kipimo kina uzito wake.

Mkoba wa mkononi mimi siushauri. Mkoba huachwa kitini, hunyang'anywa, na watoto huupekua wakitafuta peremende.

Hatua ya 3: Amua aina ya risasi

Hapa mjadala huwa mrefu kuliko unavyostahili. Kwa mnunuzi wa kwanza, za kuzingatia ni nne.

*9×19.* Ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na ndiyo risasi ya bastola inayotengenezwa kwa wingi zaidi duniani, kwa hiyo mara nyingi ndiyo nafuu na rahisi kupatikana. Anza nayo ikiwa sheria inaruhusu na mikono yako inaimudu.

*.380.* Kipenyo chake ni kilekile cha 9×19, ila ganda lina urefu wa milimita 17 badala ya 19, na baruti ni kidogo. Teke lake ni la wastani kwenye bastola yenye uzito wa kutosha. Kwenye kibastola cha mfukoni linachoma kiganja. Usidhani itakuwa nafuu kwa sababu ni ndogo, maana mara nyingi bei yake huzidi ya 9×19.

*.38 Special.* Ni risasi ya rivolva, ya tangu 1898, na bado inafanya kazi yake vizuri.

*.22.* Teke halipo karibu kabisa, na bei iko chini. Tatizo ni kwamba kemikali ya kuwashia imesambazwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda badala ya kuwa kwenye fataki katikati, kwa hiyo risasi kugoma kuwaka hutokea mara nyingi zaidi. Ni mwalimu mzuri sana wa mazoezi. Kama mkono wako hauwezi kabisa kitu kingine, ibebe, ila ichague ndani ya rivolva: risasi moja ikigoma, unavuta tena kifyatulio na silinda inaleta nyingine.

Usiingie kwenye .357 Magnum, risasi ya rivolva yenye teke kali, ndani ya rivolva nyepesi kwa sababu tu muuzaji amekwambia ina nguvu. Utaipiga mara chache, itakuumiza, na hutaifanyia mazoezi tena. Hata alama ya "+P" kwenye boksi la risasi ina maana: shinikizo lake limezidi kawaida, na utumie tu ikiwa kitabu cha bastola kinaruhusu.

Hatua ya 4: Rivolva au magazini

Rivolva ndogo kama Smith & Wesson 642 hubeba risasi 5 na ina uzito wa takribani gramu 420 bila risasi. Nyundo yake imefichwa ndani, haikwami kwenye mfuko. Haina seifu (kitufe cha kuzuia kufyatua) ya kusahau, haina magazini ya kudondosha, na ukiifungua unaona kwa macho kama ina risasi. Gharama ya urahisi huo ni kifyatulio kizito, kwa kawaida kilo 4.5 hadi 5.5, na hicho ndicho kinachomshinda anayeanza, kwa sababu mtutu huyumba wakati anavuta.

Bastola ya magazini ni nyembamba zaidi na hubeba risasi nyingi zaidi. Ruger LCP, iliyotoka 2008, hubeba 6 kwenye magazini na uzito wake haufiki gramu 300; hiyo ni ya mfukoni, na ni ngumu kuipiga vizuri. Glock 43 ya 2015 hubeba 6 za 9×19 kwa takribani gramu 510. SIG Sauer P365 ya 2018 ilipandisha idadi hiyo hadi 10 kwa uzito uleule, na tangu hapo watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo, jambo lililoshusha bei za matoleo ya nyuma. Kwa mwenye mfuko mdogo hiyo ni habari njema: toleo lililopitwa na mtindo kutoka kiwanda kinachoaminika linashinda toleo jipya la kiwanda kisichojulikana.

Ikiwa vidole vyako havina nguvu kwa sababu ya umri au baridi yabisi, usikimbilie rivolva kabla ya kujaribu bastola zilizoundwa makusudi ziwe na slaidi (sehemu ya juu inayovutwa nyuma kuingiza risasi) laini, kama Smith & Wesson Shield EZ. Kifyatulio cha rivolva kinaweza kukushinda zaidi kuliko slaidi.

Hatua ya 5: Shika na kuvuta, dukani

Hatua hii ndiyo yenye uamuzi. Usiharakishwe.

Mwombe muuzaji aitoe magazini kwanza, kisha avute slaidi, akuonyeshe chemba (tundu la mtutu inamokaa risasi ya kupigwa) ikiwa tupu. Nawe hakikisha upya kwa macho na kwa ncha ya kidole. Mpangilio huo una sababu. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini anaitoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha anatoa magazini na kuamini kwamba silaha ni tupu. Watu wamekufa kwa kosa hili, tena mikononi mwa watu wenye uzoefu.

Ukishairidhia kuwa tupu, jaribu haya:

1. Ishike kwa nguvu, mkono ukiwa juu kabisa ya mpini. Nyama ya kiganja isipite juu ikaguswa na slaidi.
2. Weka kidole cha shahada kwenye kifyatulio, mtutu ukielekea mahali muuzaji alipokuonyesha. Katikati ya ncha ya kidole ndipo panapotakiwa. Ikiwa unafika kwa kucha tu, mpini ni mkubwa mno kwako. Ikiwa kidole kinapita hadi kiungo, ni mdogo mno.
3. Vuta slaidi mara kumi mfululizo. Ukishindwa ya saba, utashindwa siku mikono inapotetemeka.
4. Bonyeza kitufe cha magazini na seifu bila kubadilisha mshiko.
5. Omba ruhusa ya kufyatua bila risasi. Uliza kwanza, hasa kwa .22, kwa sababu baadhi huharibika. Tazama alama ya mbele ya kulengea unapovuta: ikiruka, kifyatulio hicho ni kizito kuliko kidole chako.
6. Uliza kama kuna kizuizi cha ndani kinachozuia pini ya kugonga isisogee silaha ikianguka. Matoleo ya zamani mengi hayana.

Jaribu angalau tatu za ukubwa tofauti. Utashangaa jinsi ile iliyokupendeza machoni inavyoukataa mkono wako.

Kuhusu bei ya chini kabisa: baadhi ya bastola za bei ya kutupa huundwa kwa slaidi ya zinki ya kumiminwa badala ya chuma. Zinki ni dhaifu, kwa hiyo hutengenezwa nene na nzito ili kufidia. Kwa silaha ya kubeba kila siku, nakuomba usinunue.

Hatua ya 6: Piga kabla ya kulipa

Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola. Piga risasi hamsini na ile unayoifikiria, kwa umbali wa mita tatu, tano na saba. Usipime ulengaji tu. Jiulize mwishoni: ningetaka kupiga hamsini nyingine? Kama kiganja kimevimba na jibu ni hapana, hutafanya mazoezi, na bastola isiyofanyiwa mazoezi ni hatari kwa mwenyewe na kwa jirani. Rudi hatua ya 5, panda ukubwa mmoja.

Hatua ya 7: Ukinunua iliyotumika, kagua

Ya mtumba ndiyo njia ya uhakika ya kuokoa fedha, kwa sababu nyingi zimebebwa sana na kupigwa kidogo. Mikwaruzo ya nje isikutishe. Tazama haya:

Kwa bastola ya magazini, ifungue na umulike ndani ya mtutu. Mifereji inayozunguka ndani yake iwe dhahiri, pasiwe na pete nyeusi, maana pete ni dalili kwamba mtutu uliwahi kuvimba. Tafuta nyufa kwenye slaidi na kwenye reli zake. Midomo ya magazini isiwe imepinda. Kwa rivolva, vuta nyundo au kifyatulio polepole na kuona kama silinda inajifunga mahali pake kabla nyundo haijaanguka, kwenye kila tundu. Silinda ikitikisika sana mbele na nyuma, achana nayo.

Namba iwe kamili na ilingane na hati. Hati zisipopatikana, ondoka hata kama bei inakuita.

Hatua ya 8: Ala na mkanda

Ala nzuri hufunika kifyatulio chote, haikunjiki, na mdomo wake haujifungi bastola ikitoka. Plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la silaha yako inatosha na si ghali. Ala ya ngozi iliyochakaa ni hatari, kwani ukingo wake uliolegea unaweza kuingia kwenye kifyatulio wakati unarudisha silaha. Hata mfukoni, bastola ikae ndani ya ala, peke yake, bila funguo wala sarafu.

Kurudisha bastola kwenye ala ndipo wengi wanapojipiga risasi pajani. Rudisha polepole, ukitazama, shati likiwa pembeni na kidole nje. Hakuna aliyewahi kupata faida kwa kurudisha haraka.

Mkanda uwe mgumu. Mkanda laini huiacha silaha ilale nje, na lawama zinaenda kwa bastola.

Hatua ya 9: Ithibitishe kabla ya kuibeba

Piga risasi 200 hivi za mazoezi, kisha angalau 50 za aina utakayobeba, kwa magazini zote ulizo nazo. Bastola ndogo zina springi kali na nafasi finyu, hivyo huchagua risasi; aina moja inapita vizuri, nyingine inakwama. Ikikwama mara kwa mara kwa aina unayotaka kubeba, badilisha risasi kabla ya kubadilisha bastola.

Baada ya hapo, kila ukimaliza mazoezi nawa mikono na uso kabla ya kula, ili kuondoa madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu. Nyumbani, silaha isiyo kiunoni iko ndani ya kasha lililofungwa. Juu ya kabati hapafai, wala chini ya mto. Watoto hupajua kila mahali unapodhani hawapajui.

Matatizo na utatuzi

*Ganda limebanwa limesimama kwenye slaidi.* Mara nyingi mkono umelegea kifundoni, na bastola nyepesi haikupata kitu kigumu cha kusukumia. Kaza mshiko. Ikiendelea, safisha na kupaka mafuta, kisha jaribu risasi nyingine.

*Risasi zote zinaenda chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia.* Unakipokonya kifyatulio, au unajikunyata ukingojea mlio. Mwombe mkufunzi akuchanganyie risasi bandia zisizo na baruti katikati ya zile halisi. Utaona mtutu unavyoinama mwenyewe.

*Umefyatua, kimelia "tik" tu.* Elekeza mtutu kwenye shabaha na ngoja sekunde 30, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa risasi hiyo na uitenge.

*Mlio umekuwa hafifu na teke halikuja.* Simama hapohapo. Risasi huenda imekwama ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua. Toa risasi zote, mpelekee fundi.

*Risasi ya kwanza kwenye magazini inaonekana fupi kuliko wenzake.* Umeiingiza na kuitoa kwenye chemba mara nyingi, na kichwa kimesukumwa ndani ya ganda. Shinikizo lake litapanda kupita kiasi. Usiipige. Punguza pia tabia ya kujaza na kutoa kila jioni: ivue bastola ikiwa ndani ya ala yake, uifungie hivyohivyo kwenye kasha.

*Mpini bado unaonekana.* Inamishe ala kidogo mbele, au isogeze sentimita mbili tatu kuelekea mfupa wa nyonga, kisha jaribu shati lenye mistari au kitambaa kizito kidogo. Usiishikeshike mbele za watu kuhakikisha ipo. Mkono unaorudi kiunoni kila dakika huonekana haraka kuliko bastola yenyewe.

*Inauma ukikaa.* Jaribu ala nyingine kwanza, kisha nafasi nyingine. Kama baada ya wiki chache bado unaiacha kwenye gari au mezani, basi iuze kwa njia halali, maana bastola inayoachwa garini ndiyo inayoibwa.